Tumbo Limejaa, Damu Ina Njaa

Iko hesabu moja ambayo yampasa kila mwenye kuipenda nchi hii aijue kama ajuavyo jina la kijiji chake. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikutwa wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko inavyostahili umri wao. Hilo peke yake linatosha kumkosesha mtu usingizi. Lakini sikilizeni na la pili. Mkoa uliotia fora haukuwa mkoa wa ukame. Ulikuwa Iringa, watoto 57 katika kila 100. Nyuma yake zikafuata Njombe na Rukwa, ambako karibu nusu ya watoto wamedumaa.

Iringa! Njombe! Rukwa! Hii ndiyo mikoa tunayoisifu kila mwaka kwa mavuno. Hii ndiyo inayoilisha Dar es Salaam. Ni huko huko Iringa, mwaka 1972, TANU ilikotangaza Siasa ni Kilimo, na wakati ule Njombe ilikuwa sehemu ya mkoa huo, haikutengwa mpaka mwaka 2012. Watu waliitika. Walilima, na wanalima mpaka leo. Magunia yanapakiwa malori usiku na mchana. Na mtoto wa yule aliyelima amesimama kando ya barabara akiyatazama malori yakipita, naye ana umri wa miaka minne na kimo cha mtoto wa miaka miwili na nusu.

Sasa wako watu, na wengine wamesoma, wanaotoa majibu mepesi. Wengine husema watu wa kule ni wafupi kwa asili. Maneno haya yalikwisha kujibiwa. Shirika la Afya la Dunia lilipima watoto waliolishwa vizuri na kutunzwa vizuri katika Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatangaza matokeo: katika miaka mitano ya kwanza watoto hao walikua karibu sawasawa. Mtoto wa Accra na mtoto wa Oslo, wakipata haki moja, wanapanda kimo kimoja. Basi asitokee mtu kumsingizia babu wa Mhehe au wa Mbena kwa ufupi ulioletwa na sahani.

Wengine husema akina mama ni wajinga. Huyo nitamrudia baadaye, maana nina neno naye.

Mimi nasema hivi: tumezoea kuhesabu magunia, na hatukuzoea kuhesabu kile kinachoingia katika damu. Tumedhani ya kuwa chakula kikishapita kooni kazi imekwisha. La, hasha. Kazi ndiyo kwanza inaanza.

Tazama mwili unavyofanya. Mdomo hutafuna na mate huanza kuulainisha wanga. Tumbo hukoroga na kumwaga maji yake makali. Halafu chakula huingia katika utumbo mdogo, ambao kwa mtu mzima urefu wake ni kama mita sita, na humo ndimo ulipo mlango wenyewe. Ukuta wa ndani wa utumbo huo si laini kama bomba. Una vijinyama vidogo mno, vingi kupita kiasi, vimesimama kama nyuzi za taulo. Ukiutandaza wote ungetosha sakafu ya chumba kikubwa. Vijinyama hivyo ndivyo vinavyochukua chakula kilichosagika na kukikabidhi kwa damu. Kisichopita hapo, hata kikiwa cha bei kubwa namna gani, ni cha kwenda chooni. Mtu aweza kushiba kila siku ya maisha yake na mwili wake ukawa na njaa, maana tumbo lina kelele, lakini damu haina sauti ya kudai.

Na sisi tumeufunga mlango huo kwa mambo mengi, mengine ya desturi na mengine ya kuletewa.

La kuletewa ni huu unga mweupe tunaouonea fahari. Wazee wetu walikula ulezi, mtama na uwele, tena nafaka nzima. Mahindi yalipoenea, na mashamba ya mkonge yalipowakusanya manamba kwa maelfu, posho ikawa ni unga wa mahindi, basi. Mashine kubwa zikaja na sembe. Wengi wanadhani sembe ilibuniwa kwa faida ya mlaji, kwa kuwa ni nyeupe na laini. Si hivyo. Kiini cha hindi kina mafuta, na mafuta huchacha, kwa hiyo unga wenye kiini haukai sana ghalani wala dukani. Kwa mwenye duka, kukitoa kiini ni faida. Kwa mwenye kula ni hasara, kwa sababu pamoja na kiini na ganda zimekwenda sehemu kubwa ya vitamini, ya madini ya chuma na ya mafuta. Ile pumba tunawapa kuku na nguruwe, nao wananenepa. Sisi tunabaki na weupe.

Na mahindi yenyewe, hata yakiwa mazima, yana siri yake. Vitamini iitwayo niasini imefungwa ndani ya hindi, na tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Watu wa Mexico, wenye asili ya zao hilo, walilijua jambo hili kwa vitendo karne nyingi kabla ya daktari yeyote: huchemsha mahindi yao kwa chokaa au majivu ndipo wayasage, na kile kilichofungwa hufunguka. Mahindi yalipovuka bahari, maarifa hayo hayakupanda merikebu. Matokeo yake ni ugonjwa wa pelagra, wa kubabuka ngozi, kuharisha na kuchanganyikiwa akili. Msidhani ni habari za kale. Mwaka 1990, katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, mgao wa karanga ulikatika, na watu wakabaki na mahindi. Katika miezi michache zaidi ya watu 17,000 wakashikwa na pelagra. Mahindi yalikuwepo. Kilichokosekana ni karanga!

Basi mtu atasema, tule dona. Ndiyo, tule dona, lakini tuseme ukweli wote. Dona lina chuma zaidi, na pia lina faiteti, kitu cha asili kilichomo katika maganda ya nafaka na kunde, ambacho hukishika chuma na zinki kikavizuia visipite ule ukuta. Dawa yake haiuzwi kwa mzungu. Ni kuloweka, kuotesha na kuchachusha. Togwa waliyokunywa babu zetu wa Songea, Mbeya na Iringa ilikuwa inavunja faiteti hiyo bila mtu kuijua kwa jina. Na dona litokane na mahindi yaliyokauka barabara na kuchambuliwa. Mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu, na sumu hiyo mwaka 2016 iliua watu 20 katika Dodoma na Manyara. Ukisaga dona la mahindi mabovu umesaga na sumu yake.

Sasa nije kwenye kikombe. Hapa najua nitachukiwa.

Uchunguzi ule ule wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 59 katika kila 100, wa kuanzia miezi sita mpaka miaka mitano, wana upungufu wa damu, na wanawake 42 katika kila 100 vivyo hivyo. Malaria ina sehemu yake katika hesabu hii, na minyoo ina sehemu yake. Lakini angalia meza yetu. Asubuhi chai ya rangi na kiporo. Mchana ugali, maharage, na baada yake chai. Chuma kilichomo katika maharage na mchicha ni kigumu kupenya. Hata katika hali njema mwili huchukua sehemu ndogo tu. Chai ikiingia pamoja na chakula hicho, tanini yake hukishika kile kidogo kilichokuwapo, na zaidi ya nusu ya kile ambacho mwili ungekipata hupotea. Mama amehangaika na kuni, amepika maharage saa tatu, na kikombe kimoja kimeifuta kazi yake.

Simwambii mtu aache chai. Chai ni zao letu, na Mufindi iko huko huko Iringa. Nasema isogezwe. Iwe saa moja au mbili baada ya kula, isiwe juu ya chakula. Na mtoto mdogo asipewe kabisa. Huyu hana haja nayo. Mahali pake pakae chungwa, pera, embe, au ubuyu uliokorogwa kwa maji, kwa sababu vitamini C iliyomo hufanya kinyume cha chai: hukishika mkono chuma cha maharage na kukipitisha mlangoni, hata kikapita mara mbili au mara tatu ya kawaida. Kipande cha nyama au dagaa kadhaa katika chungu kimoja husaidia vile vile. Mapera yanaanguka na kuoza chini ya miti vijijini mwetu, huku watoto wana viganja vyeupe.

Mboga za majani nazo zina haki yake. Vitamini A ya mchicha, matembele na majani ya maboga haipiti bila mafuta. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu ni nusu mboga. Kijiko cha mafuta ya alizeti, karanga zilizotwangwa, tui la nazi kwa watu wa pwani, au mawese ya Kigoma, ambayo yenyewe yana wekundu wa vitamini hiyo, kila kimoja kinatosha.

Lakini kubwa kuliko yote haya ni uji wa mtoto, nami naomba wanaume wasome sehemu hii bila kuruka.

Mtoto hunyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, na hapo yuko salama. Hatari huanza anapoanza kula, kuanzia mwezi wa saba mpaka anapotimiza miaka miwili. Udumavu huota mizizi katika miezi hiyo, na baada yake ni shida kubwa kuung'oa, ukiathiri kimo na akili ya shuleni pia. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni kama kikombe kimoja. Sasa fikirini uji tunaompa. Ukitiwa unga wa kutosha huwa mzito kama gundi, mtoto hawezi kuumeza. Mama anaongeza maji mpaka unywewe. Kile kikombe kimoja kimejaa, na ndani yake karibu yote ni maji. Mtoto ameshiba, anacheza kidogo, analala. Mama anaondoka kwenda shamba akiwa na moyo mweupe, na mtoto ana njaa asiyoweza kuieleza.

Wazee walikuwa na jibu, na jibu hilo huitwa kimea. Ulezi hulowekwa, huachwa uchipue, huanikwa, husagwa. Kijiko kimoja cha kimea kikitiwa katika uji mzito uliopoa kidogo, kwa dakika chache uji ule hulegea wenyewe na kunyweka, bila kuongezwa hata tone la maji. Si uchawi. Mbegu inapochipua hutengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, kama mate yavunjavyo. Kwa njia hii kikombe kile kile hubeba unga mwingi zaidi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania pamoja na wenzao wa Sweden waliupima ujuzi huu na kuukuta ni kweli. Leo ukimwuliza kijana wa Njombe habari za kimea atakuambia ni cha pombe. Tumekitunza kwa ajili ya walevi, tukawanyima watoto!

Hata hivyo uji wa nafaka peke yake hautoshi ukawa mzito namna gani. Hapana budi utiwe karanga au maziwa, au maharage yaliyopondwa, au dagaa waliosagwa, na baadaye yai. Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliandika juu ya watoto waliovimba miguu, nywele zao zikawa nyekundu, nao walikuwa wakila mahindi. Mwaka 1935 aliutangaza ugonjwa huo kwa jina walilompa akina mama wa Kiga wa huko: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa titi kwa kuzaliwa mdogo wake. Jina la Kiafrika limeingia katika vitabu vya matabibu wa dunia nzima, kwa sababu akina mama hao waliujua ugonjwa na chanzo chake kabla ya hospitali.

Kisha uko uchafu. Mtoto anayetambaa penye kinyesi cha kuku na watu humeza vijidudu kila siku. Hata asipoharisha, ule ukuta wenye nyuzi za taulo huchubuka, na nyuzi zake hufupika, na mlango ukawa mwembamba. Minyoo ya safura hupenya nyayo za mtu apitaye pekupeku penye udongo mchafu, ikaenda kujishikiza utumboni na kufyonza damu. Wazee waliposema fulani ana safura, uso umepauka na pumzi hazimtoshi, hawakukosea. Lakini tusidanganyane kwamba choo cha shimo na ndoo ya kunawia vitamaliza kazi. Katika Bungoma, Kakamega na Vihiga, huko Kenya, walijaribu: nyumba nyingine zilipewa vyoo, sabuni na dawa ya maji, na nyingine chakula cha nyongeza kwa watoto pamoja na mafundisho. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Waliopata chakula waliongezeka kimo kidogo, na waliopata vyoo na sabuni bila chakula hawakuongezeka. Maana yake si kwamba choo hakifai. Maana yake ni kwamba usafi wa nusu nusu, nyumba moja ina choo na ya jirani haina, haumkingi mtoto, na pili, mlango uliosafishwa bado unahitaji kitu cha kupita.

Wako na wale wenye kupenda njia ya mkato, vidonge. Mama mjamzito na ameze vidonge vya chuma anavyopewa kliniki, hilo halina mjadala. Lakini Pemba ilitufundisha jambo. Huko watoto wadogo waligawiwa chuma kwa jumla bila kupimwa, mahali penye malaria nyingi, na majaribio yakasimamishwa, kwa sababu waliokuwa wakipewa walilazwa na kufa zaidi ya wenzao. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2006. Chuma kinachotoka katika chungu cha nyumbani hakijapata kumdhuru mtoto namna ile.

Sasa nimrudie yule bwana anayesema akina mama ni wajinga. Bwana, nani aliyeuza maharage? Mama wa Iringa huamka kabla ya jogoo, hulima shamba la mahindi ambalo si lake kwa hesabu, hurudi na kuni kichwani, na mtoto ameachwa na dada yake wa miaka minane na kikombe cha uji uliopoa. Mtoto wa mwaka mmoja anataka kulishwa mara tatu au nne kwa siku. Nani atamlisha, na mama yuko shamba? Yai la kuku linakwenda sokoni. Maharage yanauzwa kwa debe, karanga kwa kilo, maziwa kwa chupa, na fedha inashikwa na mkono mmoja. Mkono huo mara nyingi si wa mama. Halafu mgeni anakuja na picha za rangi za mlo kamili, anamfundisha mama kitu ambacho mama anakijua vizuri kuliko yeye, ila hana cha kutia chunguni. Elimu tunaitaka, na iende kwa wanaume kwanza.

Wala si jambo jipya kwetu. Mwaka 1975 Chakula ni Uhai ilihubiriwa nchi nzima kwa redio. Na katika miaka ya 1980 mkoa huo huo wa Iringa ulikuwa na mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya la Dunia. Watoto walipimwa kwa mizani kijijini, na hesabu yao ikaletwa mbele ya serikali ya kijiji kama inavyoletwa hesabu ya pembejeo. Mtoto aliyepungua alikuwa jambo la kijiji kizima, wala si aibu ya mama yake. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika miaka michache. Halafu msaada ukaisha, na mizani ikaenda stoo.

Mizani ile irudi, kwa fedha zetu. Na katika mkutano ujao wa kijiji, mwenyekiti akimaliza kusoma idadi ya magunia yaliyouzwa na watu wakipiga makofi, asimame mtu mmoja aulize ni madebe mangapi ya maharage yaliyobaki ndani ya nyumba, na waliouza walimwuliza nani.